Duka la sola komuni ya Kenya, Lubumbashi: muuzaji aliyeanza kwa kuuliza

Washonaji wenzangu wa Katuba wananiuliza kila mara paneli zangu nilizitoa wapi, kwa hiyo naandika mara moja ili wote wasome. Duka liko komuni ya Kenya (sehemu ya mji, si ile nchi) hapa Lubumbashi, Kongo, nyuma kidogo ya soko, kwenye mstari wa wauza vipuri vya baiskeli na pikipiki. Halina kibao. Mbele ya mlango kuna meza ya chuma na paneli moja imeegemezwa juani, waya zake mbili zikining'inia. Hiyo ndiyo alama yake. Mwenye duka ni papa, yaani baba mmoja wa makamo, aliyewahi kuwa fundi umeme kwenye migodi. Jina lake siliweki hapa, hakuniomba nimtangaze.

Nawaambia mapema: nendeni. Bei yake si ya chini kuliko zote mjini, na nitasema pia yasiyonifurahisha. Lakini ni muuzaji wa kwanza wa vitu vya umeme niliyemwona akitafuta kwanza mimi nahitaji nini, ndipo akageuka kuangalia rafu zake.

Kazi yangu ni sare za shule, mashati meupe na suruali na sketi za bluu. Kuanzia Julai mpaka shule zinapofungua Septemba, meza yangu haionekani kwa vitambaa. Na ni kipindi hichohicho delestaje, yaani kukatiwa umeme, inatuua. Mtaani kwetu umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaondoka asubuhi na kurudi usiku, watu wakiwa wamelala. Tunajua sote kwamba waya mkubwa kutoka bwawa la umeme la Inga, karibu kilomita 1,700, ulivutwa mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, na migodi ndiyo inayokula kwanza. Sisi wa Katuba tunapata kilichobaki. Kushona kwa kukanyaga kwa mguu naweza, nilifundishwa hivyo, lakini kwa mafungu ya mashati ya shule nzima haiwezekani tena.

Nilianzia katikati ya mji, kwenye duka moja kubwa lenye vioo na kiyoyozi. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu na maneno matamu. Nilipomwambia nashona na napiga pasi, hakuuliza la pili. Alinipeleka moja kwa moja kwenye invata (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 3,000, betri mbili za 200 Ah (amp-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) na paneli sita. "Mama, na hii utapiga pasi mpaka uchoke wewe." Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 1,500. Aliponiona nimenyamaza, akasema naweza kulipa kidogokidogo kwa miezi sita, pamoja na riba. Baadaye mwenzake alinieleza pembeni kwamba pale wanalipwa asilimia ya kile walichouza, mshahara wenyewe ni mdogo sana. Yule kijana simchukii. Mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea ukubwa wa kifurushi atakuonyesha kifurushi kikubwa, hata kama moyo wake ni mzuri. Aliyepanga malipo ya namna hiyo ndiye ninayemlaumu.

Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nilifika nikiwa na karatasi niliyoandikiwa mjini, nikamwekea papa mezani, nikamuuliza anaweza kunipa vitu hivyo kwa bei gani. Aliisoma, akaigeuza uso chini, akavuta kiti.

"Mama, uko unashona nini sana?"

Nikamwambia.

"Mashini ngapi? Zinatembea zote wakati moja?"

Nikamwambia mbili, moja yangu na moja ya yule binti anayejifunza kwangu.

"Chini ya mashini kuna kibati kidogo, kimeandikwa wati ngapi?"

Sikujua. Nikampigia binti simu, akapiga picha na kunitumia palepale: wati 100 kila moja. Papa akaendelea. Taa ngapi? Za aina gani? Redio? Simu za wateja mnachaji? Umeme wa SNEL ukirudi, unarudi saa ngapi, na unakaa mpaka saa ngapi? Paa la nyumba ni bati, limeinamia upande gani, kuna mwembe unaotia kivuli? Nyumba ni yako au unapanga? Hilo la mwisho lilinishangaza. Akasema kama napanga, anafunga kwa namna ambayo siku nikihama nitaondoka na kila kitu bila kuvunja paa la mtu.

Kisha akachukua kalamu, akahesabu nikiona. Mashini mbili za wati 100 kwa saa tano ni wati-saa 1,000, lakini mshonaji anasimama, anakata uzi, anageuza kitambaa, kwa hiyo hesabu nusu: 500. Taa nne za wati 9 kwa saa sita, 200 na kitu kidogo. Simu na redio, 50. Jumla kama 770. Akaandika 770 akaizungushia duara.

"Sasa tuongee pasi," akasema.

Pasi yangu ni ya wati 1,200. Alinionyesha kwamba nikipiga pasi saa moja, hata kama inajizima na kujiwasha yenyewe ikishapata joto, inakula karibu sawa na kazi yote ya siku nzima ya mashini mbili na taa zake. Kwa hiyo ile invata kubwa ya mjini, na sehemu kubwa ya zile betri na paneli, nilikuwa nazilipia kwa ajili ya pasi peke yake. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo.

Akanishauri nibaki na pasi ya makala, yaani ya mkaa. Hapo nilimkatalia. Makala na shati jeupe ni maadui. Cheche moja ya majivu ikianguka kwenye kola, shati hilo halina mnunuzi. Angeweza kusema basi, chukua ile kubwa, na mimi ningekubali, kwa sababu nilikuwa nimempa mlango wazi. Alikaa kimya kidogo, akarudi kwenye jibu langu la saa za umeme. "Umesema unarudi saa nne ya usiku. Suruali na sketi za bluu piga na makala mchana. Mashati weka pamoja, piga usiku na umeme ya SNEL, mara mbili kwa wiki. Kama usingizi unakushinda, rudi hapa tutaongeza. Unaweza kuongeza baadaye. Kupunguza baadaye huwezi."

Nilimuuliza kama yule kijana wa mjini alitaka kuniibia. Akakataa kabisa. "Hakukudanganya, mama. Na vile vitu ungepiga pasi kweli. Shida ni kuhesabu mashati mangapi utashona mbele ya kurudisha hiyo pesa."

Tukahesabu. Kwa faida ninayopata kwenye shati moja, tofauti ya bei kati ya kifurushi cha mjini na chake ilikuwa karibu msimu mzima wa sare. Nilichonunua mwishowe ni paneli mbili za wati 150, betri moja ya lithiamu ya 100 Ah, invata ya wati 1,000 na kile kisanduku kinachosimamia chaji. Vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya mjini, na nilivilipa kwa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana pesa, bila kukopa popote.

Nataka nilikalie hili kidogo, kwa sababu linagusa hata sisi washonaji. Mteja anapokuja kuuliza anunue mita ngapi za kitambaa, hana njia ya kujua. Sisi tunajua. Ukimwambia mita nne badala ya tatu, atanunua nne, na ile mita moja itabaki kwenye kikapu chako, itatoka kama nguo ya mtoto wako. Hajaibiwa kitu mbele ya macho yake. Aliuliza, akajibiwa, akaamini. Ndiyo maana nasema muuzaji anayejua kuliko mnunuzi hawezi kujitetea kwamba hakusema uongo. Yeye ndiye aliyeshika hesabu. Akikaa kimya wakati kimya chake kinamwingizia pesa, amechagua upande. Nimewaambia mabinti wote waliopita mikononi mwangu: mteja mpe mita zake kamili, na kipande kinachobaki mkunjie ndani ya nguo yake.

Turudi dukani. Kabla ya kulipa, papa alitoa kila paneli nje, akaielekeza kwenye jua, akaweka waya za maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nyuma yake, akaniambia nisome mwenyewe. Alinieleza namba ninayotakiwa kuiona kwa paneli ya aina ile, na nikaiona. Betri aliifunga kwenye invata yangu, akawasha taa na feni ya duka mpaka tukamaliza maongezi. Aliniambia pia kwa nini lithiamu ingawa ni ghali zaidi: betri ya madini ya risasi, ile nzito ya kawaida, ya 100 Ah ukiitumia zaidi ya nusu kila siku unaiua haraka, kwa hiyo kwenye karatasi ina wati-saa 1,200 lakini za kutumia bila kuiumiza ni kama 600, na mimi nahitaji 770. Ya lithiamu unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 bila wasiwasi. Alisema pia kwamba kwa mtu wa taa tatu na simu, ya risasi inatosha na ndiyo anayomuuzia.

Jambo alilonifundisha ambalo kila mtu anaweza kulitumia leo ni la ukubwa wa paneli. Jua likiwa kali kabisa, mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200, na zile bora zinazidi hapo kidogo tu. Kwa hiyo karatasi iliyobandikwa nyuma inaweza kusema chochote, ila urefu na upana haviwezi kudanganya. Mimi tepu ya kupimia haitoki shingoni. Siku chache baadaye nilipita mahali wanapouza paneli zilizoandikwa wati 400 kwa bei ya kushangaza. Nikapima: mita 1.20 kwa sentimita 70. Hiyo haifiki hata mita moja ya mraba! Haiwezi kutoa hata nusu ya wati 400. Na mbele yangu kulikuwa na mama anahesabu noti. Nilimwambia. Muuzaji alikasirika, mama akaondoka na pesa zake.

Kwa betri za risasi, papa anasema pima uzito. Ile ya kweli ya 100 Ah ina karibu kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja kirahisi, iache hapohapo.

Kuna kitu kingine nilikiona nikisubiri zamu yangu, na nimekifikiria sana. Kijana mmoja alikuja na betri ya gari, anataka paneli na kisanduku cha chaji aunganishe nyumbani kwake kwa ajili ya televisheni. Papa alimweleza kwamba betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, ukiitumia usiku kucha na kuimaliza mara kwa mara inakufa upesi. Kijana akasema anajua, hana pesa ya nyingine, hii alipewa na mjomba wake. Nilidhani papa atamfukuza au atamhubiria. Alimuuzia paneli na kisanduku, akamwonyesha namna ya kukipanga ili kikate umeme mapema betri isimalizike kabisa, na kwenye risiti akaandika kwamba garanti (dhamana) haihusu betri. Wakasoma pamoja, kijana akatia sahihi.

Nilipenda hapo. Kuna wauzaji wanaokulinda kupita kiasi mpaka wanakufanya mtoto. Wanaamua wao nini kinakufaa na wanakunyima kingine. Huyu alisema ukweli wote, akauacha mkononi mwa mwenye pesa. Hali ya yule kijana anaijua kijana mwenyewe. Papa anajua betri.

Mpwa wangu anasoma sheria UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nikamsimulia. Akaniambia sheria yetu ya mikataba ni ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold wa Pili, na bado inatumika: muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza, hata kama mwenyewe hakuzijua, lakini hawajibiki kwa zile ambazo mnunuzi angeweza kuziona kwa macho yake. Ni jambo zuri kulijua, hasa kwa wanaouziwa betri zilizokufa. Lakini mzigo niliopimiwa mjini haukuwa na kasoro hata moja. Kila kitu kilikuwa kizima, kipya, na kingefanya kazi. Sijui ningeenda kumshitaki mtu kwa nini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haki ya mnunuzi inabaki kwenye dhamiri ya mtu aliyesimama nyuma ya meza, na ndiyo maana nikimpata mmoja mwenye dhamiri nasema kwa sauti.

Sasa yasiyonipendeza. Duka ni dogo na papa anaongea na kila mteja kwa muda mrefu uleule, awe ananunua invata au balbu. Ukiwa na haraka utateseka. Ujumbe wa simu anajibu usiku au hajibu. Vijana wake wawili, wanaolipwa mshahara wa mwezi na si asilimia, ni wazuri kwenye kufunga, ila wakija nyumbani hawaelezi, wanafunga na kuondoka. Maelezo yote nilikuwa nimeyapata dukani kwa papa.

Na hili lilinikera: bei aliyonipa ilikuwa na mita kumi za waya. Paa langu liko mbali na chumba cha kushonea, zikahitajika zaidi, na za ziada nililipishwa palepale nyumbani, vijana wakiwa tayari juu ya ngazi. Kwa mtu aliyeuliza mpaka habari za mwembe, asingeshindwa kuuliza umbali kati ya paa na meza yangu. Nilirudi kumwambia. Alikubali kwamba ni kosa la kwake, hakubishana, lakini hakunirudishia kitu. Ninyi mkienda, pimeni nyumbani kwanza, na mtake bei ya waya wote na kazi ya kufunga iandikwe kwenye risiti kabla ya kutoa hela.

Pia hakopeshi. Anasema hawezi kufukuzana na watu. Namwelewa, lakini maana yake mama asiye na likelemba wala akiba anabaki na koroboi, au anakwenda mjini kwenye miezi sita na riba. Sina jibu la hilo.

Kazini vinakwendaje? Kiangazi chote cha sare mashini hazikusimama mchana hata delestaje ilipokaza. Paneli zimeelekezwa kaskazini, kwa sababu sisi Lubumbashi tuko kusini mwa ikweta na jua la Juni na Julai linapita upande ule. Zimeinama kidogo ili maji ya mvua yateremke. Vumbi jekundu la kiangazi linazifunika upesi, kwa hiyo binti anapanda na kitambaa chenye maji asubuhi mapema kabla hazijapata moto. Mvua zilipoanza, siku ambazo mawingu yanakaa kutwa, kufika saa tisa alasiri betri inaonyesha imebaki kidogo na tunasimamisha mashini moja. Papa alikuwa ameniambia mapema kwamba itakuwa hivyo, tena kwa namba, kwa hiyo sikushtuka. Mashati meupe bado nayapiga pasi usiku. Inachosha, sitaficha. Nikiona wateja wanaongezeka mwakani nitarudi kwake tuongeze paneli. Kisanduku alichoniuzia kina nafasi ya nyingine mbili, na bei yake ilizidi kidogo kwa sababu hiyo, jambo ambalo alilisema kabla sijalipa.

Garanti ya betri ni miaka miwili, imeandikwa kwa mkono pamoja na namba ya betri na tarehe. Radi haimo. Kwa mvua zetu za Januari hilo ni jambo la kukumbuka, na alinisomea mstari huo mwenyewe kwa kidole.

Mkienda, bebeni picha za vibati vya wati vya kila chombo mnachotaka kuwasha, na mjue saa ambazo SNEL inawapa umeme. Anapokea dola na faranga, na pesa za simu pia, lakini noti ya dola iliyochanika hata kidogo hachukui. Jumamosi anafunga. Jumatatu asubuhi kuna foleni, nendeni katikati ya wiki baada ya saa nane mchana.